Macho ya uzeeni: Sindano ya bei nafuu si duni

WENGI wetu husema uzee huja na mambo yake, na kwamba mojawapo ni macho kudhoofika. Mzee akishindwa kusoma Biblia au Kurani, au akimpita jirani njiani bila kumsalimu, jamaa husema, "Ni umri tu." Hununuliwa miwani sokoni, na mambo yakaachwa hapo.

Mpendwa msomaji, si kila udhaifu wa macho ya mzee ni umri tu. Kuna ugonjwa mmoja ambao humnyima mtu uwezo wa kusoma katika muda wa wiki au miezi michache, na ambao tiba yake inapatikana humu nchini. Tiba hiyo ni sindano. Hata hivyo, wagonjwa wengi hupofuka wakiwa tayari wameambiwa kuhusu sindano hiyo, kwa sababu familia ingali inashauriana kuhusu pesa.

Mara kwa mara huja kwangu watoto wa wagonjwa wakiwa na karatasi kutoka kwa daktari wa macho. Karatasi ina majina mawili au matatu ya dawa, na bei zake zimeachana kama mbingu na ardhi. Swali lao huwa lile lile: "Daktari, tuuze ng'ombe tumnunulie baba ile ya ghali, ama hii ya bei ya chini itatosha?" Makala haya ni jibu la swali hilo.

Ugonjwa wenyewe

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina. Kazi yake ni kama ya filamu ndani ya kamera: hupokea picha na kuipeleka kwenye ubongo. Katikati ya retina pana sehemu ndogo, yenye upana wa milimita tano hivi, ambayo madaktari huiita makula. Ndiyo unayoitumia unaposoma, unapotia uzi kwenye tundu la sindano, unapohesabu noti na unapoutambua uso wa mjukuu wako.

Kuanzia umri wa miaka 50, sehemu hii huweza kuchakaa. Kuna aina mbili za kuchakaa. Aina kavu huenda polepole kwa miaka mingi. Aina ya majimaji ndiyo ya haraka: mishipa midogo ya damu isiyohitajika huota chini ya retina, ikavuja damu na maji, na mwishowe ikaacha kovu. Kovu likishajiunda, hakuna sindano itakayoliondoa.

Usidhani huu ni ugonjwa wa Wazungu pekee. Katika uchunguzi uliofanywa Nakuru mwaka wa 2007 na 2008, watu zaidi ya 4,000 wa umri wa miaka 50 na zaidi walipimwa macho. Takriban mtu 1 kati ya 9 alikuwa na dalili za mapema za kuchakaa kwa makula, na zaidi kidogo ya mtu 1 kati ya 100 alikuwa amefikia hatua mbaya.

Usiuchanganye na magonjwa mengine. Mtoto wa jicho hufunika kila kitu kama ukungu, na huondolewa kwa upasuaji. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, kwa kawaida huanza kula pembeni. Ugonjwa huu hula katikati: mzee anaona mikono yako na nguo zako, lakini uso wako haumwonekanii.

Jipime na daftari la hesabu

Dalili ya kwanza ya aina ya majimaji ni mistari iliyonyooka kuonekana imepinda. Mlingoti wa stima unaonekana kama nyoka, fremu ya mlango imebonyea, herufi katikati ya neno zimetoweka.

Chukua daftari la hesabu lenye miraba, lile la watoto wa shule. Tia nukta nyeusi katikati ya ukurasa. Vaa miwani yako ya kusomea kama unayo, ziba jicho moja kwa kiganja, na ushike daftari umbali wa sentimita 30 hivi, penye mwanga wa kutosha. Itazame nukta bila kuhamisha jicho. Je, mistari yote imenyooka? Kuna mahali palipofifia au penye giza? Kisha fanya vivyo hivyo kwa jicho la pili. Ni lazima upime moja moja, kwani jicho zima huficha udhaifu wa mwenzake, na mtu huweza kupoteza jicho moja bila kujua.

Ukiona mistari imepinda, hilo si jambo la kungoja kliniki ya mwezi ujao. Tafuta daktari wa macho wiki hiyo hiyo. Atakutia matone ya kupanua mboni, na pengine akupige picha ya retina kwa mashine iitwayo OCT. Picha hiyo haiumi, nayo humwonyesha kama kuna maji chini ya retina.

Sindano hufanya nini?

Mishipa ile mibaya huota kwa amri ya protini moja ya mwili ambayo wataalamu huiita VEGF. Sindano zote tutakazozitaja hufanya kazi moja kubwa: kuinasa protini hiyo ili mishipa inywee na uvujaji ukome.

Jicho hutiwa dawa ya ganzi, likaoshwa kwa ayodini, kope zikashikiliwa zisifumbe, kisha dawa kidogo mno hudungwa kupitia sehemu nyeupe ya jicho. Kudungwa kwenyewe huchukua sekunde chache. Wagonjwa wengi husema hofu iliwasumbua kuliko maumivu.

Kabla ya sindano hizi, tiba zilizokuwapo ziliweza tu kupunguza kasi ya upofu. Mwaka wa 2006 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa 100 waliodungwa dawa ya Lucentis kila mwezi kwa mwaka mmoja, 95 hivi waliepuka kupoteza uwezo mkubwa wa kuona. Miongoni mwa waliopewa sindano bandia, walioepuka walikuwa 62. Isitoshe, hadi thuluthi moja ya waliotibiwa waliona vizuri zaidi kuliko walipoanza, kwa mistari mitatu ya chati ya daktari.

Dawa nne, bei mbalimbali

Majina ambayo huenda ukakutana nayo ni haya manne.

Avastin ndiyo ya bei ya chini. Jina lake la kitaalamu lililoandikwa kwenye boksi ni bevacizumab. Iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2004 kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana. Mwaka uliofuata daktari mmoja wa macho mjini Miami, Philip Rosenfeld, alijaribu kiasi kidogo sana chake ndani ya jicho, akaona maji yakikauka. Tangu hapo imeenea duniani kote.

Lucentis iliidhinishwa mwaka wa 2006. Ilibuniwa na kampuni ile ile ya Genentech iliyobuni Avastin, safari hii kwa ajili ya jicho.

Eylea ilifuata mwaka wa 2011. Sifa yake ni kukaa muda mrefu zaidi. Baada ya sindano tatu za kila mwezi, mgonjwa hudungwa kila baada ya miezi miwili, na utafiti ulionyesha kwamba matokeo yalilingana na ya Lucentis ya kila mwezi.

Vabysmo ni mpya zaidi kati ya hizo, ya mwaka wa 2022. Baada ya sindano nne za kila mwezi, baadhi ya wagonjwa huweza kukaa hadi wiki 16 bila kudungwa.

Utafiti wasemaje?

Mwaka wa 2011 serikali ya Marekani ilitoa matokeo ya utafiti uliolinganisha Avastin na Lucentis kwa wagonjwa zaidi ya 1,100. Baada ya mwaka mmoja, waliodungwa Avastin kila mwezi walikuwa wameongeza wastani wa herufi 8.0 kwenye chati ya macho. Waliodungwa Lucentis kila mwezi waliongeza herufi 8.5. Tofauti ni nusu herufi! Hakuna mgonjwa awezaye kuihisi. Wakati huo, sindano moja ya Avastin huko Marekani iligharimu dola 50 hivi, na ya Lucentis dola 2,000 hivi. Kwa maneno mengine, bei ya sindano moja ya ghali ingetosha sindano 40 za bei nafuu.

Waingereza nao walifanya utafiti wao, wakafikia jawabu lile lile. Huko Norway, wataalamu walijaribu mtindo wa kurefusha muda kati ya sindano kila jicho linapokuwa kavu. Uwezo wa kuona ulilingana tena, ila waliotumia Avastin walihitaji sindano karibu 9 kwa mwaka, na wa Lucentis 8. Shirika la Afya Duniani liliiweka bevacizumab ya jicho katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka wa 2013.

Basi mbona bei zinatofautiana hivyo? Avastin huuzwa katika chupa iliyokusudiwa mgonjwa wa saratani. Chupa ndogo ina miligramu 100, ilhali jicho linahitaji miligramu 1.25 pekee. Chupa moja hugawanywa kwa macho mengi. Lucentis huja tayari kwa jicho moja, na bei yake ilipangwa hivyo. Mvutano huo wa bei umefika mahakamani. Mwaka wa 2014 mamlaka ya ushindani nchini Italia iliwatoza Roche na Novartis faini ya zaidi ya Euro milioni 180, ikisema walishirikiana kuwafanya watu waiogope Avastin ya jicho. Mwaka wa 2018 mahakama ya Uingereza iliamua kwamba mashirika ya afya ya umma yanaweza kuwapa wagonjwa dawa hiyo, licha ya pingamizi za makampuni.

Kosa linalopofusha

Sasa turudi kwa ng'ombe wa baba. Familia ikiuza ng'ombe, ikanunua sindano moja ya ghali, kisha ikasubiri mavuno kununua ya pili, fedha hizo zimepotea. Dawa hizi zote hutoka jichoni. Baada ya wiki kadhaa protini ile huanza kuamrisha tena, na mishipa ikavuja upya. Hakuna mojawapo kati ya hizi nne inayoponya kwa sindano moja.

Wale wagonjwa wa Marekani walifuatiliwa hadi mwaka wa tano. Nusu yao walikuwa bado wanaona vizuri kiasi cha kusoma maandishi ya kawaida au kuendesha gari, jambo ambalo halikuwa likitarajiwa kabla ya sindano. Lakini kwa wastani, herufi walizoziongeza katika miaka miwili ya utafiti zilipotea, baada ya kuachwa watibiwe kama watu wengine.

Kwa hivyo usiulize tu, "Ipi ni bora?" Uliza, "Ipi nitaweza kuimaliza mwaka mzima bila kukosa?" Kwa familia nyingi za Kenya, jawabu ni Avastin. Sindano tisa za bei nafuu zilizodungwa kwa wakati wake zitamsaidia mzee kuliko mbili za ghali.

Sisemi kwamba dawa za ghali hazina faida. Chukua mfano wa mama anayeishi Lodwar au Mandera. Kila safari ni nauli, malazi, na kijana wake kuacha kazi siku mbili au tatu ili amsindikize. Iwapo bima au watoto wanaweza kulipa, dawa inayokaa miezi miwili au zaidi huenda ikapunguza safari hizo. Pia kuna macho yanayoendelea kuvuja licha ya Avastin ya kila mwezi, na hapo daktari hubadilisha dawa. Piga hesabu ya mwaka mzima, dawa na safari pamoja, kabla ya kuamua. Kumbuka pia kwamba hata hizo za kukaa muda mrefu huanza na sindano za kila mwezi.

Aidha, upya wa dawa si dhamana. Dawa nyingine, Beovu, ilipokelewa kwa shangwe mwaka wa 2019. Mwaka uliofuata madaktari walionywa kwamba katika baadhi ya wagonjwa ilileta uvimbe na kuziba kwa mishipa ya retina.

Hatari ziko wapi?

Kwa kuwa chupa ya Avastin hugawanywa, usafi wa anayeigawanya ndio roho ya mambo. Mwaka wa 2011 wagonjwa 12 katika eneo la Miami waliambukizwa macho na sindano zilizogawanywa katika duka moja la dawa. Mwaka wa 2023, mkoani Punjab nchini Pakistan, makumi ya wagonjwa waliharibiwa macho kwa dawa iliyogawanywa kiholela. Dawa yenyewe haikuwa na lawama. Mikono ndiyo iliyokuwa michafu.

Kwa sababu hiyo, usinunue sindano ya jicho kwa mtu anayekuletea katika mfuko, hata akikupunguzia bei. Dungwa katika hospitali yenye daktari wa macho na chumba safi, na dawa iwe imehifadhiwa kwenye friji. Kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu, hospitali ya macho ya Lions SightFirst jijini Nairobi na Hospitali Kuu ya Kenyatta ni baadhi ya mahali unapoweza kuelekezwa. Pitia kwanza kliniki ya macho ya hospitali ya kaunti yako ili upewe barua.

Hata penye usafi, maambukizo ndani ya jicho hutokea mara chache, takriban mara moja kwa kila sindano 2,000. Wekundu kidogo siku ya kwanza ni jambo la kawaida. Lakini maumivu yakizidi, jicho likiogopa mwanga au uwezo wa kuona ukishuka katika siku chache zinazofuata, rudi hospitalini siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.

Mwambie daktari pia kama umewahi kupatwa na kiharusi au mshtuko wa moyo, hasa karibuni. Wengine wamehofu kwamba Avastin ni mbaya zaidi kwa mwili kuliko Lucentis. Wataalamu waliokusanya tafiti mbalimbali na kuzichambua mwaka wa 2014 hawakuona tofauti katika idadi ya vifo.

Wenye kisukari na wenye aina kavu

Sindano hizi hizi hutumiwa kwa wenye kisukari ambao makula yao imevimba. Hapa jawabu linabadilika kidogo. Utafiti wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba kwa wale ambao uoni wao ulikuwa umeshuka kidogo tu, Avastin, Lucentis na Eylea zilikuwa sawa. Kwa wale ambao uoni ulikuwa umeshuka sana, Eylea iliwasaidia zaidi katika mwaka wa kwanza. Lakini utafiti mwingine wa mwaka wa 2022 uliwaanzisha wagonjwa wa namna hiyo kwa Avastin, wakahamishwa kwenye Eylea pale tu ilipohitajika. Wengi walihamishwa, lakini baada ya miaka miwili walikuwa sawa na waliotumia Eylea tangu mwanzo. Kuanza na ya bei nafuu hakukuwadhuru, almuradi waliangaliwa kila mara.

Kwa aina kavu, sindano za Avastin na wenzake hazisaidii. Mwaka wa 2023 Marekani iliidhinisha sindano mbili za aina kavu iliyokomaa, lakini hizo hupunguza tu kasi ya kuchakaa, hazirudishi uoni. Kuna vidonge maalumu vya vitamini C na E, zinki, shaba na luteini. Kwa walio katika hatua ya kati, mchanganyiko wa namna hiyo ulipunguza hatari ya kufikia hatua mbaya kwa takriban robo katika miaka mitano. Kwa mtu mwenye macho mazima havina kazi, kwa hiyo usivinunue kwa sababu tangazo limekusifia. Anayevuta sigara, au aliyewahi kuvuta, aepuke vile vyenye beta-karotini, kwani vimehusishwa na saratani ya mapafu. Na sigara yenyewe ni adui mkubwa wa makula. Sukuma wiki, mchicha, managu na kunde vina luteini nyingi, na havihitaji cheti cha daktari.

Maswali ya kumwuliza daktari

Siku utakayokwenda, uliza mambo haya. Je, ugonjwa wangu ni wa aina ya majimaji, na picha inaonyesha nini? Je, kovu limeshajiunda, au bado kuna uoni wa kuokolewa? Nitahitaji sindano ngapi mwaka huu, na jumla ya gharama ni shilingi ngapi? Je, hapa mnatoa Avastin, na nani anayeigawanya? Je, bima italipa? Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, ni busara kuuliza swali hilo mapema na kupata jibu kwa maandishi, usije ukagundua kwenye dirisha la malipo.

Ukipendekezewa dawa ya ghali, si utovu wa adabu kuuliza, "Daktari, kwa nini si Avastin?" Huenda kuna sababu nzuri. Daktari mwema atakueleza.

Na usingoje ugonjwa ndipo ujipime. Leo jioni, mjukuu akimaliza kazi yake ya shule, mwombe daftari lake la hesabu. Tia nukta, ziba jicho moja, kisha la pili. Rudia kila wiki. Siku mistari itakapopinda, utakuwa na wiki chache za kuchukua hatua, nazo zinatosha kama hutazipoteza kwa kubishana kuhusu bei.